Mwakilishi Wako Alipitia Mlango Gani?

Somo la kujadiliwa katika jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya akina mama na vijana, na kamati za Haki na Amani za parokia



Kila baada ya uchaguzi, sisi tunaofanya kazi ya maendeleo mashinani husikia malalamiko yale yale. "Mheshimiwa ametupotea." "Barabara ni ile ile." "Kwani huyu tulimchagua vipi?" Swali hilo la mwisho ni zuri sana, ila tunaliuliza tukiwa tumechelewa. Somo la leo linataka tuliulize mapema, kwa sababu mara nyingi siku ya kupiga kura ikifika, kazi kubwa imeshakwisha.

Mfano wetu ni mtu anayejulikana hata na watoto wa nasari, Bw. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya. Lakini hatutazungumza juu ya urais wake wa 2009 hadi 2017. Tutaangalia kiti kidogo alichokalia kabla ya hapo, yaani useneta wa jimbo la Illinois, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Rais yuko mbali na mwananchi. Seneta wa jimbo anafanana zaidi na watu tunaowachagua hapa: anajulikana mtaani, anaulizwa juu ya kliniki, nyumba na polisi, na watu wengi hawafuatilii anachofanya bungeni.

Tuelewane kuhusu neno moja. Tunaposema jimbo katika somo hili, si jimbo la Askofu. Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina gavana wake na bunge lake. Bunge la Illinois hukutana katika mji wa Springfield na lina vyumba viwili. Seneti ina watu 59. Mwaka 2000 jimbo lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 12, kwa hiyo kila seneta alisimamia watu wapatao 210,000. Bw. Obama aliwakilisha eneo la 13, upande wa kusini wa mji wa Chicago.

ALIANZIA PAROKIANI

Mwaka 1985, akiwa kijana wa miaka 23, Obama alifika Chicago kufanya kazi na chama cha maendeleo kilichoanzishwa na parokia 8 za Kikatoliki. Yeye mwenyewe hakuwa Mkatoliki. Ofisi yake ilikuwa katika majengo ya Parokia ya Rozari Takatifu, mtaa wa Roseland, na sehemu ya pesa za kazi hiyo ilitoka katika mfuko wa maaskofu Wakatoliki wa Marekani wa kusaidia maskini wajisimamie.

Wakati huo viwanda vya chuma vya upande ule vilikuwa vimefungwa au vinafungwa, na watu walikuwa wamepoteza kazi. Kazi ya Obama haikuwa kugawa misaada. Alitembelea watu nyumbani, akawasikiliza, kisha akawasaidia kukaa pamoja na kudai haki yao ofisini wao wenyewe. Walidai kituo cha kutafutia watu kazi. Wakazi wa nyumba za serikali za Altgeld Gardens walidai asbesto iondolewe, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu. Wale waliosoma kazi ya jamii watatambua njia hii mara moja: mwezeshaji hasemi kwa niaba ya watu, watu wanasema wenyewe.

Alikaa miaka 3, akaenda kusomea sheria Harvard, kisha akarudi Chicago. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura iliyokuwa na lengo la kuandikisha Wamarekani weusi 150,000 katika Illinois. Shikeni jambo hili, kwa sababu litatufaa mbele. Huyu mtu alijifunza daftari la wapiga kura kabla hajawa mgombea.

MLANGO WA KWANZA: KARATASI

Mwaka 1995 mbunge mmoja wa Chicago katika bunge la taifa alijiuzulu baada ya kupatikana na hatia mahakamani. Seneta wa eneo la 13, Bi. Alice Palmer, mwanaelimu aliyeheshimiwa sana, akaamua kugombea kiti hicho kikubwa. Akamuunga mkono Obama amrithi kule Seneti ya jimbo. Lakini Novemba 1995 Bi. Palmer alishindwa katika kura ya mchujo ya chama chao cha Democratic. Aliyeshinda ni Bw. Jesse Jackson Mdogo.

Sasa kukawa na shida. Wafuasi wa Bi. Palmer walimwomba Obama ampishe mama arudi katika kiti chake cha zamani. Obama akakataa, akisema alikwisha kuanza kampeni baada ya kuahidiwa kwamba njia ni wazi. Mwezi wa Desemba Bi. Palmer akarudisha karatasi zake za uteuzi.

Sheria ilidai mgombea alete sahihi zisizopungua 757 za wapiga kura wa eneo hilo. Bi. Palmer alikuwa na siku chache tu, akaleta karibu 1,580. Ukihesabu tu, zinatosha mara mbili. Obama alikuwa ameleta zaidi ya 3,000. Januari 1996 wasaidizi wake walikwenda katika ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago, wakakaa na daftari la wapiga kura na kukagua karatasi za wapinzani jina kwa jina. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia sahihi. Yule haishi katika eneo. Mwingine hayumo daftarini, maana daftari lilikuwa limesafishwa siku si nyingi. Sahihi za Bi. Palmer zikapungua chini ya zile zilizotakiwa, akaondoka. Mgombea mwingine alipungukiwa sahihi 69, na mwingine 86. Wapinzani wote 4 wa chama chake walitoka, na Machi 1996 Obama akaingia kwenye mchujo peke yake.

Je, ni halali? Ndiyo, kila kitu kilifuata sheria. Je, ni haki? Hapo watu wamebishana hadi leo. Mtu aliyekuwa amehangaika kuandikisha watu wapige kura ndiye aliyefanya wapiga kura wa eneo lake wasiwe na wa kuchagua kati yao. Miaka baadaye alipoulizwa na waandishi wa habari, alijibu kwamba mwishowe watu walipata seneta mzuri sana. Jibu hilo tulijadili katika vikundi vyetu. Hata kama alikuwa mzuri, nani aliyepaswa kusema hivyo, yeye au wapiga kura?

MLANGO WA PILI: MCHUJO

Eneo la 13 lilikuwa ngome ya chama cha Democratic. Aliyepata tiketi ya chama alikuwa ameshapita. Tazameni matokeo ya uchaguzi mkuu. Novemba 1996 Obama alipata takriban asilimia 82. Mwaka 1998 alipata asilimia 89. Mwaka 2002 hakuwa na mpinzani kabisa. Katika chaguzi hizi tatu, ile siku ya foleni na karatasi za kura ilikuwa kama kupiga mhuri tu juu ya jambo lililokwisha amuliwa miezi mingi nyuma.

Mchujo unaweza pia kumkataa mtu. Mwaka 2000 Obama alitamani makubwa, akamshindania Bw. Bobby Rush kiti cha bunge la taifa. Rush alikuwa kiongozi wa siku nyingi, aliyepigania haki za watu weusi tangu ujana wake, na watu walimjua kwa jina. Tena Oktoba 1999 mwanawe alikuwa amepigwa risasi na kufa, na mji mzima ulimhurumia. Mwishoni mwa Desemba mswada kuhusu bunduki uliitwa Springfield, na Obama hakuwapo kupiga kura. Alikuwa Hawaii na jamaa yake, na mtoto wake alikuwa mgonjwa. Sababu ni ya kibinadamu, lakini wapiga kura hawakuisamehe. Wengine walisema ni msomi wa chuo kikuu tu, si mtu wa mtaa. Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama akapata 30.

Hapa ndipo tunaona nguvu ya mwananchi. Pale ambapo majina mawili au matatu yanafika mbele ya watu, watu huuliza: ulikuwa wapi siku ya kura ile? Pale ambapo linafika jina moja, hakuna wa kuuliza.

MLANGO WA TATU: MIPAKA

Kila baada ya miaka 10 Marekani huhesabu watu na kuchora upya mipaka ya uchaguzi. Katika Illinois mwaka 2001 tume ya kazi hiyo iligawanyika nusu kwa nusu kati ya vyama viwili. Sheria ilisema wakishindwa kuelewana, mtu mmoja wa kuamua apatikane kwa kura ya bahati. Jina lililotolewa lilikuwa la mtu wa Democratic. Hivyo ndivyo ramani ya bunge la watu milioni 12 ilivyoamuliwa.

Obama alikaa na mtaalamu wa ramani wa chama chake, wakachora eneo jipya la 13. Watu weusi walibaki wengi, lakini eneo lilinyoshwa kuelekea kaskazini kando ya ziwa, likachukua mitaa ya matajiri karibu na katikati ya mji. Watu hao baadaye wangeweza kuchangia kampeni kubwa zaidi. Tumezoea kusema kwamba wananchi huchagua mwakilishi. Kwenye ramani mambo hugeuka, na mwakilishi ndiye huchagua wananchi wake. Na ramani hiyo mpya ilisaidia Democratic kushinda wingi wa viti vya Seneti Novemba 2002.

MLANGO WA NNE: KAMATI

Mtu akishinda, je, ameshaingia? Bado. Kuanzia 1997 hadi mwisho wa 2002 chama cha Republican ndicho kilichoshika Seneti ya Illinois. Mswada wa mtu wa upinzani ungeweza kuwekwa katika kamati ya taratibu na kufia humo bila kujadiliwa. Mwakilishi wa namna hiyo akisema "nimeleta mswada," anasema kweli, lakini mswada hauna miguu.

Hata hivyo, aliye mdogo anaweza kufanya kitu akikubali kukaa na wapinzani. Mwaka 1998 Obama alishirikiana na watu wa pande zote mbili, akiwemo Seneta Kirk Dillard wa Republican, kupitisha sheria ya kuzuia zawadi nyingi ambazo wanasiasa walikuwa wanapewa na watu wanaolipwa kuwashawishi. Sheria hiyo pia ilizuia mgombea kutumia pesa za kampeni kama pesa zake za nyumbani. Baadhi ya wenzake hawakumpenda kwa ajili hiyo. Nani anapenda kufungiwa mfereji?

Januari 2003 chama chake kilishika Seneti. Bw. Emil Jones akawa Rais wa Seneti, na Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Miswada iliyokuwa imelala ikaamka. Alisimamia kupanuliwa kwa bima ya afya kwa watoto wa watu wa kipato cha chini. Alisimamia sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ijulikane kama watu weusi wanaonewa barabarani.

Sheria yake iliyojulikana zaidi ni ile ya kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imeona aibu. Kufikia mwaka 2000 watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wamegunduliwa kwamba hukumu zao hazikustahili, na baadhi ya washukiwa walikuwa wamesema wanapigwa ili wakiri. Mwanzoni polisi na waendesha mashtaka walipinga. Obama akakaa nao mara nyingi, akawaonyesha kwamba kanda hiyo hiyo inamlinda askari mwaminifu anaposingiziwa. Mswada ulipita Seneti bila seneta yeyote kuupinga, na gavana akautia sahihi Julai 2003. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

TUSOME PIA KURA ALIZOKWEPA

Tusimsifu mtu nusu. Katika Seneti ya Illinois seneta anaweza kujibu "ndiyo", "hapana" au "nipo". Obama alijibu "nipo" karibu mara 130, kati ya kura zipatazo 4,000. Mswada unahitaji "ndiyo" 30 kupita, kwa hiyo "nipo" husaidia kuuangusha kama "hapana", ila haichomi sana kwa wapiga kura. Watetezi wake walisema ni mbinu ya kawaida kule. Wapinzani walisema ni kujificha. Baadhi ya kura hizo zilihusu uavyaji mimba, jambo ambalo Kanisa letu lilitofautiana naye waziwazi.

Hatusemi haya kumhukumu. Tunasema kwa sababu haya yote yanajulikana. Kila kura iliandikwa, na mwananchi wa Chicago angeweza kuisoma. Kumpima mwakilishi kwa hotuba zake za mazishini ni kupima maziwa kwa macho.

ALIVYOONDOKA

Mwaka 2004 kiti cha useneta wa taifa cha Illinois kilikuwa wazi. Katika mchujo wa Machi walikuwa wagombea 7, na mmoja wao alitumia zaidi ya dola milioni 28 za mfuko wake mwenyewe. Tajiri huyo alipata karibu asilimia 11. Obama alipata 53. Novemba alipata asilimia 70 dhidi ya 27 za Bw. Alan Keyes. Basi pesa si kila kitu, watu wakiwa na wa kuchagua.

Kiti chake cha Springfield kikabaki wazi. Kilijazwa na viongozi wa chama, wakamteua Bw. Kwame Raoul, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa jimbo. Wananchi hawakuulizwa mpaka uchaguzi uliofuata. Tazama, huo nao ni mlango.

SISI JE?

Milango hiyo iko kwetu pia, ila imepakwa rangi nyingine.

Karatasi. Katiba yetu ya 2010 inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Sahihi yako ni mali. Usiitie kwa ajili ya paketi ya unga, wala usimpe mtu namba ya kitambulisho bila kujua anaipeleka wapi. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajawahi kuvijua. Wasaidizi wa Obama walishinda kwa kukagua majina. Sisi hata jina letu wenyewe hatukagui.

Mchujo. Mahali penye chama kimoja chenye nguvu, tiketi ndiyo kiti. Lakini siku ya mchujo Wakristo wengi hubaki shambani wakisema hayo ni mambo ya wanasiasa na vijana wao. Halafu Agosti tunapanga foleni kutoka alfajiri kupiga mhuri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mipaka. Katiba inasema mipaka ya maeneo bunge ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Tume ikija kusikiliza maoni, tusiwaachie wazee watatu na dalali mmoja. Kata yako ikihamishwa, zahanati na barabara yako nazo zinahamishwa katika vitabu vya bajeti.

Kamati. Muulize MCA wako yuko katika kamati gani, na imekutana mara ngapi. Katiba inataka bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kuingia na kusikiliza si kuomba hisani.

Kuna watakaosema hii ni siasa, si dini. Lakini zile parokia 8 za Chicago hazikuwa chama cha siasa. Ziliwasaidia watu kujua ofisi ipi inahusika na nani anayeisimamia, na watu wakaenda kugonga. Kazi hiyo kila jumuiya inaweza kuifanya, bila kumtaja mgombea hata mmoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika wadi yetu, nani kati yetu alikwenda kwenye mchujo uliopita? Waliobaki nyumbani walibaki kwa sababu gani?

2. Obama aliwaondoa wapinzani kwa kufuata sheria. Jambo likiwa halali, je, lazima liwe la haki? Tutoe mfano wa kwetu.

3. Mwakilishi wetu ametoa hoja gani, au mswada gani, tangu achaguliwe? Kama hatujui, ni nani wawili watakaokwenda kuuliza kwa karani wa bunge la kaunti, na lini watatuletea jibu?

4. Alijibu "nipo" mara nyingi. Wakubwa wetu hujificha kwa njia gani jambo likiwa gumu?

5. Kila mmoja akague jina lake katika daftari la wapiga kura na katika orodha ya vyama kabla ya mkutano ujao. Katibu aandike tarehe.